Nimeokota bodi ya kompyuta, Abit NF7-S, kwenye skrepa Arusha, naifufua mpaka ionje naitrojeni (mrejesho humu humu)

#1 Mkereza_Chuga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki tatu zilizopita nilipita kwa muuza skrepa eneo la Unga Limited kutafuta vipoozeo vya shaba. Kwenye kiroba cha bodi zilizokuwa zinasubiri kupimwa kwa kilo nikaona soketi ya prosesa ya AMD ya zamani, ile ya matundu 462. Nikaivuta, nikafuta vumbi kwa shati, nikasoma katikati ya sloti: NF7-S, toleo 2.0. Nililipa bila kuulizia punguzo.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta: hii ni madabodi ya mwaka 2003 kutoka kampuni ya Abit ya Taiwani. Chipseti yake (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ni nForce2 Ultra 400 ya nVidia, prosesa zake ni Athlon XP. Abit ndio waliotuzoesha kupanga kasi na voltu za prosesa ndani ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) kwa kile walichokiita SoftMenu, enzi ambazo bodi nyingine ulikuwa unahamisha jampa kwa koleo. Mhandisi anayetajwa sana kwenye bodi hii ni Oskar Wu, ambaye baadaye alikwenda kampuni ya DFI akashughulikia bodi zao za LanParty. Abit walikuja kuuza biashara ya madabodi mwaka 2006, na tarehe 31 Desemba 2008 jina likafungwa. Kwa hiyo hakuna tovuti rasmi, hakuna spea, hakuna wa kumpigia simu. Zilitengenezwa nyingi, ila nyingi zimeshakwenda kwenye tanuru. Iliyo nzima leo ni mali.

Kilichofanya watu wa ovakloki (kukimbiza prosesa kuliko kasi ya kiwandani) waipende ni jambo moja ambalo ukiambiwa haraka unaweza kuliona dogo. Ukipandisha FSB (kasi ya njia kati ya prosesa na chipseti) kwenye bodi nyingi za wakati ule, kasi ya AGP (njia ya kadi ya picha) na ya PCI (njia ya kadi nyingine) nazo zinapanda. Diski inaanza kuandika takataka, kadi ya picha inagoma, na wewe unalaumu prosesa. nForce2 inafunga AGP kwenye 66 MHz na PCI kwenye 33 MHz, hata ukiipeleka FSB mbali kiasi gani. Unabaki na prosesa, RAM na chipseti tu. Unajua unapigana na nani.

Hali niliyoikuta:

Kapasita tano kuzunguka soketi zimevimba, moja imetoa ute wa kahawia miguuni. Feni ya chipseti imekwama kabisa. Betri imekufa. Jino moja la plastiki la kushikia kipoozeo kwenye soketi limekatika. Mengine sijayajua, kwa sababu sijaichomeka kwenye umeme na sitaichomeka mpaka nimalize kupima.

Lengo langu ni prosesa kwenye chungu cha naitrojeni ya kimiminika. Naweka kila hatua hapa, na ninaomba mnisahihishe mapema kabla sijaharibu.

#2 Bahari_Kuu

Ndugu yangu, hongera. Mimi niko Mombasa, NF7 yangu ilikufa kwa chumvi ya hewa miaka mingi nyuma, na hadi leo inaniuma.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, toa prosesa, weka multimita kwenye omu, pima kati ya pini ya njano na nyeusi ya kile kiunganishi kidogo cha pini nne. Bodi hii inavuta umeme wa prosesa kutoka voltu 12, si 5 kama nyingi za rika lake. Ukisikia mlio wa njia iliyogusana hapo, kuna mosfeti (swichi ya umeme wa prosesa) imeungua, na kubadilisha kapasita hakutakusaidia. Halafu pima kila mosfeti moja moja. Usiruke hata moja.

#3 Sangara_MZ

Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Simu ya laki mbili inaizidi hiyo mashine kwa kila kitu. Huo muda na hela, si bora ununue bodi ya kisasa uiovakloki hiyo?

#4 Mkereza_Chuga

@Bahari_Kuu nimepima. Mosfeti zote zinapima sawa, hakuna iliyogusana. Ahsante sana, hapo nilitaka kuruka moja kwa moja kwenye kapasita.

@Sangara_MZ swali zuri na nimejiuliza mwenyewe. Prosesa ya leo inajipandisha yenyewe mpaka karibu na ukomo wake, kiwandani wameshakamua. Kilichobaki kwako ni kidogo. Athlon XP-M 2500+ ilitoka kiwandani na 1,867 MHz kwa voltu 1.45, na watu waliifikisha 2,400 na zaidi kwa feni tu. Ile nafasi ilikuwa yako uitafute. Pia kwenye bodi hii kila kitu kinaonekana kwa macho. Naiona koili, naiona kapasita, naiona kidhibiti cha voltu, naweza kuweka multimita juu yake na kuelewa kwa nini mashine imeganda. Ufundi wangu wote wa bodi za sasa niliujenga kwenye mashine za aina hii.

Na ikiingia tanuruni hairudi.

#5 Mkereza_Chuga

Mrejesho wa kapasita. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo bodi nyingi za zamani zinapouliwa na mafundi, si na umri.

Sikubadilisha zile tano tu. Nilibadilisha zote kubwa kuzunguka soketi, RAM na AGP. Kapasita yenye zaidi ya miaka 20 inaweza kuwa imenyooka juu na ndani imekauka. Kabla ya kutoa hata moja nilipiga picha pande zote na kuandika kwenye karatasi thamani, voltu, kipenyo na upande wa hasi. Usiamini tu kivuli kilichochapishwa kwenye bodi, zipo bodi zilizochapishwa kinyume. Amini mstari ulio kwenye kapasita yenyewe kabla hujaitoa.

Mguu wa hasi umeungwa kwenye tabaka zima la shaba la ndani, na shaba hiyo inanyonya joto lote la chuma chako. Mtu anaona haiyeyuki, anavuta kwa nguvu, tundu linang'oka na kuta zake, bodi imekwisha. Nilifanya hivi: bodi nzima niliipasha kwanza kwa hewa ya moto kwa mbali mpaka mkono usivumilie, nikaongeza risasi mpya na flaksi kwenye miguu, nikatumia ncha pana, nikawa nayeyusha mguu mmoja naegemeza kapasita kidogo upande, kisha mguu wa pili. Inatoka kama jino la mtoto. Matundu niliyasafisha kwa utepe wa shaba wa kunyonya risasi na spiriti.

Mpya: kwenye upande wa kutolea umeme wa prosesa nimeweka za polima, kwingine Panasonic na Rubycon za kawaida za ESR (ukinzani wa ndani) ndogo. Sababu ya polima ni baridi. Kapasita ya kimiminika ikipoa sana, maji yake ya ndani yanakuwa mazito na ESR inapanda vibaya. Unamwaga naitrojeni, voltu zinaanza kuyumba, unadhani prosesa imefika mwisho kumbe ni kapasita iliyo sentimita mbili kutoka kwenye chungu. Polima haibadiliki sana kwa baridi.

Feni ya chipseti nimeitupa, nimefunga kipoozeo kikubwa na feni ya sm 8. Ile chipu ya pili ya chipseti, MCP-T, kiwandani haikuwekewa kipoozeo chochote. Nimeigandishia kimoja kidogo.

#6 KijanaWaMuttrah

Nawasalimu kutoka Muscat. Umefanya vizuri lakini angalia jambo hili: kidhibiti cha voltu cha zamani kilipangwa kikitegemea ESR fulani ya zile kapasita za kwanza. Ukijaza polima zote, ESR inakuwa ndogo mno na mzunguko unaweza kuanza kutetema wenyewe. Mimi bodi yangu moja ilikuwa inalia kama nzi kwenye koili. Nilirudisha mbili za kawaida katikati ya polima ikatulia. Ukiwa na osiloskopu itazame voltu ya prosesa ikiwa na mzigo.

#7 Mkereza_Chuga

Mkuu wa Muscat, Mungu akubariki. Osiloskopu niliazima chuoni kwa rafiki. Bila mzigo ilikuwa safi, kwenye mzigo kulikuwa na mawimbi ambayo sikuyapenda. Nimerudisha mbili za kawaida kama ulivyosema, mawimbi yamepungua sana.

Sasa kuwasha. Mara ya kwanza niliweka prosesa ya bei rahisi, Duron, ili nikipoteza nipoteze hiyo. RAM kipande kimoja, kadi ya AGP ya kizamani, jampa ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) nimeirudisha mahali pake, betri mpya. Feni zikazunguka, picha hakuna. Kadi ya PCI ya kusoma namba za hatua za kuwaka ikasimama kwenye C1. Kwenye BIOS ya Award C1 ni hatua ya kutafuta RAM, kwa hiyo prosesa ilikuwa hai na chipu ya BIOS ilikuwa inasomeka. Hiyo peke yake ilinipa usingizi mzuri.

Nilisugua sloti za RAM kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa chenye spiriti. Kitambaa kilitoka cheusi. Nikawasha tena: biipu moja, na maandishi ya Award kwenye kioo. Niliita mke wangu aje aone.

Memtest (programu ya kupima RAM) imekaa usiku mzima, kosa hakuna. Nimeiacha wiki nzima kwenye kasi ya kawaida, kuwasha na kuzima, asubuhi kwa baridi na mchana kwa joto. Sikuigusa FSB kabla ya hapo. Bodi iliyolala miaka mingi inaweza kukuonyesha ugonjwa siku ya nne.

#8 Sangara_MZ

Nimeanza kuelewa kwa nini unaipenda. Kwa hiyo prosesa yoyote ya Athlon XP inafaa?

#9 Mkereza_Chuga

Hapana. Kuanzia wiki ya 39 ya mwaka 2003 AMD walianza kufunga kizidishi (namba inayozidishwa na FSB kupata kasi ya prosesa) kwenye zile za mezani. Ukiwa na iliyofungwa una FSB tu. Zile za laptopu, XP-M, ziliachwa wazi, na ndiyo maana watu walizikimbilia. Iliyofungwa unaweza kuigeuza iwe kama XP-M kwa kugusa madaraja ya L5 (viunganishi vidogo) juu ya prosesa, ila kazi ile inataka mkono mtulivu na lenzi.

Mimi nimeagiza XP-M 2500+ ya aina ya Barton kutoka Ujerumani. Kuwa mwangalifu nazo: kipande cha silikoni kiko wazi kabisa, hakina kofia ya chuma. Kipoozeo kikigusa upande mmoja kwanza, kona inameguka.

RAM ni vipande viwili vya Winbond BH-5 nilivyovitunza tangu zamani. Hizi hunywa voltu nyingi na hukubali ucheleweshaji mdogo wa 2-2-2. Namba ya nne, ya mwisho, naiweka 11, kwa sababu nForce2 hupenda 11 hata kama kwa akili ya kawaida namba ndogo ndiyo bora. Nazipeleka sambamba na FSB, chipseti hii haifurahii uwiano mwingine.

Kwa hewa tu: 11 × 220, yaani 2,420 MHz, voltu 1.75, saa sita za mzigo. Bodi iko tayari.

#10 Bahari_Kuu

Sasa umefika kwenye kitu kilichoua bodi nyingi kuliko voltu: umande.

Hewa yoyote ina maji. Kitu kikipoa kuliko kiwango cha umande, maji yanatua juu yake kama yanavyotua kwenye chupa ya soda. Kwetu Pwani ni vita. Wewe uko juu, fanya mwezi wa 7 au wa 8 wakati wa kipupwe, asubuhi. Paka mafuta ya mgando kote kuzunguka soketi, mbele na nyuma, jaza hata matundu ya pembeni ya soketi. Juu yake weka sponji isiyopitisha hewa, ikatwe ibane kabisa. Nyuma ya soketi usisahau, watu hupamba mbele na kusahau nyuma. Nafasi yoyote yenye hewa chini ya sponji ni kisima.

#11 Sangara_MZ

Na hiyo naitrojeni unaipata wapi? Huku nimeulizia nikaonekana mgonjwa.

#12 Mkereza_Chuga

Uliza wafugaji. Mbegu za ng'ombe za uhimilishaji zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapa Usa River kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, na ukanda mzima huu wahimilishaji wanazunguka na mitungi yao kwenye pikipiki. Binamu yangu ni mmoja wao. Alinielekeza utaratibu wa kununua kihalali na akaja mwenyewe kusimamia. Msiende kumwomba mhimilishaji akupunguzie ya kwenye mtungi wake. Ikishuka mbegu zinakufa, na ni hasara ya mfugaji fulani.

Aliyonifundisha yeye, nayaandika kama alivyoyasema:

Lita moja ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi. Haina harufu, haina rangi, inafukuza oksijeni na hutasikia chochote, utalala tu. Kwa hiyo tulifanyia barazani, pande tatu wazi. Mtungi usizibwe kwa nguvu kamwe, kizibo chake kinakaa kimelegea makusudi ili kipumue. Na glavu ziwe kubwa, za kuvulika haraka, maana ikiingia ndani ya glavu inayobana ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Chungu nilikikereza mwenyewe kwa shaba, kitako cha mm 30, na matundu ndani ya kitako ili naitrojeni ipate eneo kubwa la kugusa. Kwa kuwa jino la soketi limekatika nilifunga kwa zile tundu nne za kwenye bodi, boliti zenye springi, nikazungusha kila moja robo zamu kwa mzunguko. Kipimajoto cha aina K kimeingia kwenye kitundu cha kitako.

#13 Mkereza_Chuga

MREJESHO MKUU. Jumamosi, saa moja asubuhi, barazani.

Tulianza kumwaga kidogo kidogo kwa chupa ya chai ya chuma, bila kifuniko. Nyuzi -60, 12.5 × 220, voltu 1.85: imeingia Windows XP kama kawaida, 2,750 MHz. Hapo tu nilikuwa nimeshapita kila nilichowahi kukiona kwa macho yangu.

Kizidishi hubadilishi ukiwa ndani ya Windows, lazima uwashe upya. Hapo nikajifunza tabia ya prosesa hii: chini ya -90 inakataa kuanza. Inafanya kazi ikiwa imeshawaka, ila kuanza haitaki. Ikawa kila nikizima nasubiri joto la chungu lipande, nawasha, kisha namwaga tena.

Nikawasha kwa 14 × 200, voltu 2.0, nikashusha mpaka -140, nikapandisha FSB ndani ya Windows kwa programu ya 8rdavcore, megahezi moja moja. 210. 215. Kwenye 218 nilisimama nikakimbiza Super PI ya 1M (jaribio la kasi la kukokotoa pai): sekunde 35. Nikaendelea. 220. 221, nikahifadhi CPU-Z (programu ya kuonyesha kasi ya prosesa): 3,094 MHz. Kwenye 222 kioo kikaganda.

Binamu yangu hakujua hiyo namba maana yake nini, lakini aliniona nilivyokuwa akapiga makofi.

#14 KijanaWaMuttrah

Megahezi 3,094 kutoka kwenye kiroba cha skrepa! Ila je, una hakika ni prosesa iliyogoma? FSB 221 kwa BH-5 yenye voltu 2.9 ni pale pale inapochokea. Huenda RAM ndiyo iliyokuzuia, na BIOS ya bodi hii haikupi zaidi ya 2.9. Ukiona ni RAM, kuna kuunga rezista ya kuzungusha kutoka mguu wa kurudishia taarifa wa kidhibiti cha RAM kwenda ardhini. Kidhibiti kinadhani voltu zimeshuka, kinaongeza. Anza na omu nyingi kabisa, shusha polepole, multimita isitoke.

#15 Mkereza_Chuga

Swali lako nilijiuliza nikiwa bado na lita moja hivi. Niliwasha upya kwa kizidishi 15. Kwa njia hiyo prosesa inafika kule kule huku RAM ikiwa imepumzika. 15 × 205, 3,075 MHz: sawa. 15 × 206, 3,090: sawa. 15 × 207, 3,105: imeganda. RAM ilikuwa kwenye 207 tu, kasi ambayo inaimudu usingizini. Kwa hiyo ni prosesa, kwa voltu 2.0 na baridi ile. Voltu 2.1 sikuijaribu, mtungi ulikuwa umebaki mvuke.

#16 Bahari_Kuu

Na bodi imepona? Hilo ndilo ninalolisubiri mimi.

#17 Mkereza_Chuga

Nilichomoa umeme kabla barafu haijaanza kuyeyuka, nikatoa chungu, nikavua sponji. Mbele kukavu. Nyuma kulikuwa na matone mawili pembeni, pale sponji ilipopishana na boliti, na mengine kidogo chini ya sloti ya AGP ambako sikuwa nimepaka mafuta. Nimeipuliza kwa mashine ya nywele kwenye moto mdogo, nikaifuta mafuta yote kwa spiriti na mswaki laini, nikaianika kivulini siku mbili.

Jumatatu usiku nimeichomeka. Kizidishi 14, FSB 133, voltu 1.45. Biipu moja, picha imekuja mara ya kwanza. Memtest inakimbia sasa hivi ninapoandika, imemaliza mzunguko wa tatu.